Ufundishaji Nyumbufu na Malezi ya Wachungaji: Tahakiki ya Kitabu cha Tony Bates

Kitabu cha A. W. (Tony) Bates kiitwacho "Teaching in a Digital Age", yaani ufundishaji katika zama za dijitali, kilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2015, na toleo lake la tatu likatoka mwaka 2022. Hakiuzwi. Mwandishi alikitoa bure kwa leseni inayomruhusu msomaji kukinakili na kukigawa, na yamkini ndiyo sababu kimefika kwenye meza za wakufunzi wa vyuo ambavyo bajeti zao za maktaba haziwezi kustahimili bei ya vitabu vya ng'ambo. Tunakihakiki hapa kwa kuwa hoja zake zimeanza kusikika, mara nyingi bila kutajwa jina lake, katika vikao ambamo hatima ya vyuo vya theolojia huzungumzwa. Hoja huja hivi: ikiwa mwanafunzi aweza kusoma akiwa usharikani kwake kwa simu au kompyuta, kwa nini dayosisi iendelee kumlipia chakula na kitanda miaka yote ya masomo? Swali hilo ni halali. Atakayelijibu kwa hasira atakuwa hajalijibu, na mhasibu wa dayosisi ataendelea kuliuliza.

Bates si mchuuzi wa mitambo. Alijiunga na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza tangu kilipoanzishwa mwaka 1969, akatumika huko kwa miaka 20 akitafiti matumizi ya redio na televisheni katika kufundisha, kisha akahamia British Columbia nchini Kanada alikoendelea na kazi hiyohiyo ya elimu ya masafa. Mtu aliyeona redio, televisheni, kanda za video na diski zikija kila moja na ahadi ya kuigeuza elimu, na kila moja ikipita na kuacha darasa karibu kama lilivyokuwa, hujifunza kusema kwa upole. Upole huo umo katika kitabu chote, nao ni sifa yake ya kwanza. Hata kuhusu kozi kubwa za wazi za mtandaoni, zilizoanza katika Chuo Kikuu cha Manitoba mwaka 2008 na kushangiliwa duniani kote mwaka 2012, hachukuliwi na shangwe. Anaonyesha kwamba walio wengi hawakuzimaliza, na kwamba walionufaika zaidi ni wale waliokwisha kuwa na elimu. Hapo hatuna la kuongeza.

Sifa ya pili ni mpangilio wake. Kabla ya kutaja chombo chochote, mwandishi anauliza maarifa ni nini na mtu huyapataje. Kisha anapitia njia za kufundisha: mhadhara, semina, uanagenzi, malezi, na kufundisha kwa ajili ya kubadili jamii. Baada ya hapo tu ndipo anapofika kwenye vyombo, yaani maandishi, sauti, video, kompyuta na mitandao ya kijamii, na kumpa mwalimu vigezo vya kuchagulia: wanafunzi ni akina nani na wana nini mikononi, chombo ni rahisi kiasi gani, gharama zake, kazi yake katika kufundisha, mawasiliano yanayowezekana, mahusiano na walio nje ya darasa, na usalama wa taarifa zao. Wanafunzi wametangulia katika orodha hiyo, na kwa haki.

Kurasa zake juu ya mhadhara zinatuchoma, na tunapenda kukiri kwamba zinatuchoma mahali panapostahili. Bates anakumbusha kwamba mhadhara ulizaliwa wakati vitabu vilikuwa adimu, mtu mmoja akisoma na wengine wakinakili. Anauliza ni kwa nini desturi hiyo iliendelea baada ya mashine ya chapa. Sisi twaweza kuuliza kwa ukali zaidi. Ni vipindi vingapi katika vyuo vyetu ambamo mkufunzi husoma polepole maandishi aliyoyapata kwa mkufunzi wake, nao wanafunzi huyaandika neno kwa neno ili wayarudishe siku ya mtihani? Kipindi cha namna hiyo hakimlei mchungaji. Kingetolewa nakala, au kurekodiwa na kutumwa kwa simu, hasara ingekuwa ndogo na muda uliookolewa ungekuwa mkubwa. Mtu asitumie jina la malezi kukitetea kipindi ambacho kwa kweli ni imla.

Hata hivyo, kiini cha kitabu kwa suala letu ni ile anayoiita kanuni ya ubadilishanaji sawa. Bates anashikilia kwamba, kwa jinsi utafiti wa miaka mingi unavyoonyesha, masomo mengi ya kitaaluma yaweza kufundishwa vizuri kwa kiwango kilekile ana kwa ana au kwa masafa, na kwamba kinachoamua ni mambo mengine: gharama, nafasi, ujuzi wa mwalimu, hali ya wanafunzi. Kwa hiyo mzigo wa uthibitisho anauhamisha. Tulizoea kumtaka anayefundisha kwa masafa athibitishe kwamba kazi yake haina upungufu. Sasa ni chuo cha bweni kinachotakiwa kuonyesha kina nini cha pekee hata mwanafunzi afunge safari kukifuata.

Kanuni hii tunaikubali nusu. Tunaikubali kwa yale ambayo utafiti huo uliyapima, yaani mambo yanayoweza kuulizwa katika karatasi na kujibiwa katika karatasi. Sarufi ya Kiyunani ni mfano mzuri. Mwanafunzi anayerudia vitenzi vyake dakika 15 kila siku kwa simu atamshinda yule anayevisikia mara mbili kwa juma darasani. Miaka ya mitaguso, mpangilio wa vitabu vya Agano la Kale, majina ya Mababa wa Kanisa: haya hayahitaji kitanda cha bweni. Lakini mchungaji hapimwi mwishoni kwa karatasi. Hupimwa siku anaposimama kaburini mwa mtoto na mama amekataa kuondoka. Hupimwa anapoongoza liturgia kwa sauti isiyoyumba, anapoketi na baraza la wazee waliogombana juu ya kiwanja, anapopokea siri na kuinyamazia. Stadi hizi hazimo katika utafiti uliozaa ile kanuni, na Bates mwenyewe anatupatia silaha dhidi yake anapoeleza uanagenzi na malezi kuwa njia halisi za kufundisha. Anaeleza vizuri kwamba mwanagenzi hujifunza kwa kumtazama fundi akifanya kazi na kwa kusahihishwa papo hapo. Lakini akifika kwenye kanuni yake, uanagenzi unaingizwa katika hesabu ileile kama mhadhara. Hapo hoja yake inarukia mahali ambapo haikujenga daraja.

Ni lazima tuwe waangalifu, maana ni rahisi mno kwa watu wa chuo kutetea bweni. Kuishi pamoja hakuleti malezi kwa nguvu zake zenyewe. Mtu aweza kukaa miaka mitano chini ya paa moja na wenzake wa dayosisi nyingine na kuondoka na ukabila wake ukiwa mzima, na aweza kuhudhuria ibada ya asubuhi kila siku kwa ajili ya karatasi ya mahudhurio tu. Aidha, bweni lina watu linaowafungia nje. Mwinjilisti mwenye miaka 45, anayelima na kusomesha watoto, haji. Mama mwenye mtoto anyonyaye haji, au akija anakuta hapana chumba kilichofikiriwa kwa ajili yake. Kanisa limebariki wanawake kwa uchungaji katika dayosisi zetu nyingi, lakini njia ya kuufikia uchungaji huo bado imejengwa kwa kipimo cha kijana wa kiume asiye na mzigo mgongoni. Hoja ya Bates ikisomwa kutoka upande wa watu hawa si tishio hata kidogo.

Wala wazo lenyewe si geni kwa Kanisa. Mwaka 1963 seminari ya Kipresbiteri ya Guatemala ilitambua kwamba wanafunzi wachache waliosomeshwa mjini hawakurudi kwa wingi kwenye makanisa ya mashambani, huku viongozi halisi wa makanisa hayo wakiwa ni watu wazima wasioweza kuacha mashamba na familia. Walimu wake, akina Ralph Winter, James Emery na Ross Kinsler, wakaamua kuipeleka seminari kwa wanafunzi. Wakaandika vitabu vya kujifunzia ambavyo mtu husoma nyumbani hatua kwa hatua, kisha wanafunzi wa eneo moja hukutana na mwalimu wao kila juma. Ndiyo elimu ya theolojia kwa enezi, ambayo baadaye ilifika Afrika Mashariki, na ambayo wazee wengi wa sharika zetu walisomea. Inashangaza kwamba katika mijadala ya leo ya intaneti jambo hili halitajwi, kana kwamba ufundishaji nyumbufu umeletwa na simu ya mkononi. Bates hatumlaumu, maana somo lake si theolojia. Tunajilaumu sisi, ambao makabati yetu yana vitabu hivyo vimejaa vumbi.

Enezi inatufundisha mambo mawili ambayo kitabu hakiyasisitizi vya kutosha. La kwanza ni kwamba kitabu cha kujifunzia kilisafiri bila mtandao. Kikifika mikononi mwa mwanafunzi kilibaki chake, kilisomeka kwa taa ya mafuta, na hakikumdai shilingi kila alipokifungua. Bates ameweka gharama katika vigezo vyake na ameziandika kwa makini: kutengeneza kozi, kuiendesha, kuitunza, muda wa mwalimu. Hizo kwa sehemu kubwa ni gharama za chuo. Katika mazingira yetu swali la kwanza ni gharama imehamia kwa nani. Dayosisi inapoacha kulipia bweni hesabu yake hupungua, lakini gharama haijatoweka. Imegawanywa katika vifurushi vidogo vidogo vya intaneti vinavyonunuliwa na mwinjilisti mwenyewe kutoka kwenye posho yake, pamoja na fedha ya kuchaji simu dukani pale ambapo umeme haujafika nyumbani. Hakuna ripoti ya mkutano mkuu itakayoionyesha gharama hiyo. Vivyo hivyo muda. Mwanafunzi wa bwenini ana saa ambazo hakuna awezaye kumnyang'anya. Aliyebaki usharikani yu mtumishi wa wote: kuna msiba, kuna mgonjwa, kuna harambee, mchungaji kiongozi amesafiri. Atasoma saa ngapi? Unyumbufu wa chuo usije ukawa ni mwanafunzi peke yake anayenyumbuliwa.

La pili ni yale makutano ya kila juma. Enezi haikumwacha mtu peke yake na kitabu, na palipodhoofika makutano, masomo nayo yalidhoofika. Twaweza kuliona jambo hilo katika mizizi ya mapokeo yetu wenyewe. Hakuna mwanatheolojia wa wakati wake aliyetumia chombo kipya kuliko Luther alivyotumia mashine ya chapa. Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, kabla haijawa kitabu, ilichapwa katika karatasi za kubandikwa ukutani ili baba na mama waifundishe nyumbani. Huo ni ufundishaji wa masafa, wa bei nafuu na wenye kumfikia mtu alipo. Lakini mtu huyohuyo, katika ile nyumba ya watawa ya zamani pale Wittenberg iliyoendeshwa na Katharina von Bora, alikaa mezani na wanafunzi waliopanga kwake, wakila, wakiuliza, wakibishana na kuandika aliyoyasema. Karatasi ya ukutani haikuiondoa meza, wala meza haikuidharau karatasi. Kila moja ilikuwa na kazi yake na watu wake. Orodha ya vyombo ya Bates ina nafasi ya ile karatasi. Meza haimo, kwa kuwa meza si chombo cha kupitishia ujumbe.

Mfano wa Bonhoeffer unakaribia zaidi hali yetu. Seminari aliyoiongoza pale Finkenwalde kuanzia mwaka 1935 ilijengwa juu ya maisha ya pamoja: sala, kimya, kuimba, kazi za mikono, kuungamiana dhambi. Polisi wa siri waliifunga mwaka 1937. Bonhoeffer hakukata tamaa, wala hakusema kwamba bila nyumba ile hakuna malezi. Wanafunzi waliwekwa chini ya wachungaji wa sharika za mbali kama wasaidizi, wakakusanywa katika vikundi vidogo kijijini hadi mwaka 1940, na waliotawanyika aliwaandikia barua za mzunguko. Ule ni ufundishaji nyumbufu uliozaliwa na dhiki. Lakini tuone mpangilio wake: barua zilikwenda kwa watu waliokwisha kuishi pamoja. Umbali ulikuja baada ya ukaribu, ukaishi kwa akiba yake. Mtume naye, katika 2 Yohana 12, ana mengi ya kuandika lakini anayaahirisha hadi watakapoonana uso kwa uso, na hata hivyo barua aliituma.

Machi 2020, serikali ilipofunga vyuo kwa sababu ya korona hadi tarehe 1 Juni, tulipata nafasi ya kuyaona haya kwa macho. Makundi ya WhatsApp yaliyodumu na kufanya kazi ya maana, kwa kadiri tulivyoona, ni yale ya wanafunzi wa miaka ya juu waliojuana. Hatujengi nadharia juu ya majuma machache ya dharura. Bates mwenyewe anaonya kwamba kozi ya masafa hubuniwa kwa miezi, na kuhamishia mihadhara kwenye skrini kwa haraka si ufundishaji wa masafa hata kidogo.

Kuna suala la lugha, ambalo kitabu kinalipita haraka na sisi hatuwezi kulipita. Bates anasifu rasilimali huria: mwalimu asitunge kila kitu, bali achukue kilichopo bure mtandaoni na kukirekebisha. Ushauri mwema. Lakini kilichopo mtandaoni katika theolojia ya kitaaluma ni cha Kiingereza kwa sehemu kubwa mno, na mchungaji wetu atahubiri kwa Kiswahili na kufariji kwa lugha ya nyumbani. Kazi ya kuvusha maana kutoka lugha hadi lugha hufanyika wapi? Kwa uzoefu wetu, hufanyika kwa sehemu kubwa nje ya kipindi. Mkufunzi amemaliza somo la Waraka kwa Warumi kwa Kiingereza. Usiku bwenini mmoja anauliza: kwani "kuhesabiwa haki", kama ilivyo katika Biblia ya Union, si ni kama mkopo ulioandikwa daftarini na bado hujalipwa? Mwingine anasema afadhali Biblia Habari Njema iliyochukua njia ya uadilifu. Wa tatu anapinga kwamba uadilifu kwa Kiswahili ni tabia ya mtu, nasi tumeingiza matendo kupitia mlango wa nyuma. Wa nne anatoa neno la Kinyakyusa au la Kihaya, na hapo ndipo somo linapoanza. Hakuna mkufunzi aliyeupanga mjadala huo, na haumo katika mtaala wowote. Tukiwarudisha wote makwao ni lazima tuseme mjadala huo utafanyika wapi, na nani atazilipia dakika zake.

Jambo lingine ambalo msomaji wa hapa atalihisi ni kundi la watu lisiloonekana ambalo kitabu kinalitegemea. Bates anasisitiza, na ni kweli, kwamba mwalimu asibuni kozi ya masafa peke yake. Awe na mbunifu wa masomo, fundi wa vyombo, kitengo cha kumfunza. Katika chuo chenye wakufunzi 10 au 15, ambao nusu yao pia wana mitaa ya kuhudumia Jumapili, mtu huyo ni nani? Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilihitaji vituo mikoani na walimu waliopewa kazi hiyo rasmi. Wanaodhani kwamba masafa ni njia ya kupunguza wakufunzi wamekisoma kitabu kinyume. Kwa mujibu wa mwandishi mwenyewe, mwanafunzi wa mbali asiyejibiwa ni mwanafunzi aliyekwisha kuondoka, na kujibu huchukua muda mwingi kuliko kuhutubia.

Kwa maoni yetu, basi, kitabu kinatufaa ikiwa tutakitumia kuyachambua masomo yetu moja moja, na kinatudhuru kikitumiwa kuhalalisha uamuzi uliokwisha kufanywa na mfuko. Lugha za Biblia za mwanzo, historia ya Kanisa na utangulizi wa Maandiko vyaweza kwenda usharikani, kwa kitabu kilichochapwa kwanza na simu baadaye. Homiletiki, liturgia, ushauri wa kichungaji na semina ya mafundisho ya imani vibaki kwenye maisha ya pamoja, na maisha hayo yatangulie: mwaka wa kwanza bwenini, kisha miaka ya kusoma nyumbani yenye majuma kadhaa ya kukutana chuoni. Mpango huo ungempa yule mama mwenye mtoto mlango wa kuingilia, mradi mwaka wake wa kwanza uandaliwe chumba na mlezi. Dayosisi nazo ziandike katika mkataba siku za juma ambazo mwanafunzi hatapewa kazi ya usharika, na kifurushi cha intaneti kiingizwe katika bajeti kama vile unga na maharage vilivyoingizwa zamani.

Upande wa mitihani kitabu kimepitwa na wakati kwa kasi ambayo mwandishi hawezi kulaumiwa kwayo. Toleo la tatu linazungumzia akili mnemba kwa tahadhari, lakini mwezi Novemba 2022 ilitolewa ChatGPT, na sasa insha juu ya falme mbili za Luther yaweza kupatikana katika nusu dakika. Anayefundisha kwa masafa na kusahihisha insha pekee hajui tena anamsahihisha nani. Tunapendekeza mtihani wa mdomo urudi, wa dakika 20, mwanafunzi akiwa na Biblia na Ungamo la Augsburg mkononi, na mkufunzi akiuliza kwa Kiswahili.

Kitabu kina kurasa nyingi na si lazima zisomwe zote. Mkufunzi mwenye muda mfupi aanze na sehemu ya njia za kufundisha, kisha ile ya kuchagua kati ya ana kwa ana na masafa. Nakala yake yaweza kuwekwa katika kompyuta ya maktaba na kusomwa bila mtandao, nayo leseni inaruhusu kuchapa sura zinazohitajika kwa ajili ya kikao cha wakufunzi.